Jinsi ya kupima thamani ya shukrani katika mafundisho ya kujitambua

Shukrani imekuwa somo la lazima kwenye semina za kujitambua, kwenye makundi ya WhatsApp ya changamoto za siku 21 na kwenye vitabu vya hamasa vinavyopangwa juu ya turubai kando ya barabara. Maelekezo yanafanana karibu kote: kila asubuhi andika mambo kumi unayoyashukuru, na maisha yako yatabadilika. Wapo wanaolimeza fundisho hili zima, na wapo wanaolitupa lote baada ya mwezi wa kuandika bila kuona kitu. Pande zote mbili zinapoteza. Shukrani ina faida ya kweli iliyopimwa, faida hiyo ni ndogo kuliko inavyotangazwa, na sehemu yake nono iko kati yako na mtu aliyekutendea wema kuliko kwenye orodha ya asubuhi. Hapa tunaeleza jinsi ya kuipima, kwanza kwa kalamu na karatasi, kisha kwa jaribio la nyumbani la wiki 12.

Pigia mstari kila ahadi

Chukua fundisho lenyewe, liwe ukurasa wa kitabu, ujumbe uliosambazwa au dakika tano za video. Linakili kwenye karatasi, kisha pigia mstari kila kitenzi cha ahadi: utalala, utapona, utapendwa, utavutia, utapata. Mbele ya kila kimoja andika kinahusu nini kati ya mambo manne: hisia, mwili, mahusiano au fedha.

Kazi hii ya dakika kumi inafichua jambo ambalo sikio peke yake halilikamati. Walimu wengi huleta ushahidi wa hisia na kuutumia kuuza ahadi ya fedha. Unaambiwa utafiti umethibitisha kwamba mwenye shukrani ana furaha zaidi, na sentensi mbili mbele mmeshafika kwenye nyumba na gari.

Sababu ni kwamba mafundisho ya leo yamechanganya asili mbili tofauti. Ya kwanza ni harakati ya Fikra Mpya iliyoenea Marekani mwishoni mwa karne ya 19, iliyofundisha kwamba fikra za mtu huvuta mambo ya aina yake. Mwaka 1910 Wallace Wattles, katika kitabu chake kuhusu kutajirika, aliipa shukrani sura nzima, na kanuni ya mvuto inayofundishwa leo ni mjukuu wa mawazo hayo. Asili ya pili ni saikolojia ya maabara, iliyopata nguvu hasa baada ya mwaka 2003. Hii ya pili ndiyo yenye vipimo, na majaribio yake tunayoyaeleza hapa chini hayakupima kabisa kama kipato cha mtu kiliongezeka.

Kuna jaribio moja linalogusa fedha, na linafaa kujulikana. Mwaka 2014 David DeSteno na wenzake waliwauliza watu wangekubali kiasi gani cha fedha leo badala ya kusubiri dola 85 baada ya miezi mitatu. Wenye hali ya kawaida walikuwa tayari kuchukua takriban dola 55 papo hapo. Waliokumbushwa tukio la kushukuru walitaka takriban dola 63 ndipo waiache ile 85. Kwa maneno mengine, shukrani iliwapa subira. Mtu mwenye subira anaweza kuweka akiba vizuri zaidi, na hiyo ndiyo njia pekee kati ya shukrani na mfuko ambayo tungethubutu kuisemea. Fedha zenyewe hazikumfuata mtu.

Neno kuhusu dini, kwa sababu aya zake hutumika sana kwenye semina hizi. "Mkishukuru nitakuzidishieni" ya Sura Ibrahim, na "shukuruni kwa kila jambo" ya Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike, ni maneno ya ibada. Mwenye imani anashukuru kwa sababu ni haki ya Mungu wake, na hakuna kipimo cha saikolojia kinachoongeza au kupunguza hilo. Tatizo linaanza pale mwalimu anapoichukua aya, akaiwekea tarehe na kiasi cha fedha, kisha akatoza kiingilio. Ukiona hivyo, ipime ahadi yake kama ahadi nyingine yoyote ya biashara na uache aya mahali pake.

Uliza faida ililinganishwa na nini

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na ni nadra kuulizwa. Utafiti wa shukrani unaotajwa sana ni wa Robert Emmons na Michael McCullough, uliochapishwa mwaka 2003. Katika jaribio lao la kwanza wanafunzi wa chuo waligawanywa makundi matatu. Mara moja kwa wiki, kwa wiki kumi, kundi moja liliandika hadi mambo matano ya kushukuru, la pili liliandika hadi kero tano, la tatu liliandika matukio ya kawaida yaliyowagusa. Kundi la shukrani liliyaona maisha yake kuwa bora, lilikuwa na matumaini zaidi ya wiki inayokuja, na lilifanya mazoezi ya mwili karibu saa moja na nusu zaidi kwa wiki kuliko kundi la kero.

Soma tena mwisho wa sentensi hiyo. Ukimkalisha mtu kila wiki aorodheshe kero zake, unaweza kuwa umemshusha yeye badala ya kumpandisha mwenzake. Pengo kati yao linaonekana pana, lakini hujui nani alisogea. Katika jaribio lao la pili, lililofanywa kila siku kwa takriban wiki mbili, faida ya mwili haikujitokeza tena. La tatu lilihusisha watu 65 wenye magonjwa ya misuli na neva, kwa siku 21, na hapo walioandika shukrani walikuwa na hisia bora na walilala zaidi kuliko wale waliojaza fomu tu. Kwa hiyo utafiti uleule, wa watafiti walewale, una majibu matatu yasiyofanana, na anayetaka kukuuzia kitu atachagua moja.

Majaribio yalipozidi kuwa mengi, watafiti waliyakusanya pamoja. Mwaka 2016 Don Davis na wenzake walipima kwa namna tatu. Mazoezi ya shukrani yakilinganishwa na kutofanya lolote, faida kwa hali njema ya mtu ilikuwa 0.20 kwenye kipimo cha kitakwimu kinachotumika kwa kazi hiyo. Yakilinganishwa na zoezi jingine la kawaida, ilikuwa 0.17. Yakilinganishwa na zoezi jingine lililobuniwa kumsaidia mtu kisaikolojia, tofauti ilipotea.

Namba hiyo ya 0.20 tuiweke kwa lugha ya mtaani. Chukua mtu mmoja kutoka kundi la shukrani na mmoja kutoka kundi lisilofanya kitu, uwalinganishe, kisha rudia hivyo mara 100. Wa shukrani atakuwa na hali bora zaidi takriban mara 56. Kama shukrani isingekuwa na faida yoyote, ingekuwa mara 50. Ni faida, na haikugharimu chochote zaidi ya kalamu, lakini mtu anayekuambia kwamba itageuza maisha yako anasema jambo ambalo vipimo havisemi.

Kwa sonona na wasiwasi uliopitiliza, David Cregg na Jennifer Cheavens wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walikusanya tafiti 27 zenye washiriki 3,675, wakachapisha matokeo mwaka 2021. Unafuu ulikuwepo na ulikuwa mdogo, na ushauri wao ulikuwa kwamba mwenye dalili hizo atafute tiba zenye ushahidi wa nguvu zaidi. Mwalimu anayemwambia mgonjwa aache dawa au ushauri nasaha kwa sababu ana daftari la shukrani anamweka hatarini.

Jambo la mwisho kwenye karatasi: washiriki walitoka wapi? Wengi walikuwa Wamarekani, na wengi wao wanafunzi wa chuo. Mwaka 2013 Kristin Layous na wenzake walilinganisha Wamarekani na Wakorea Kusini. Kutenda wema kuliwasaidia wote, ila barua za shukrani ziliwasaidia Wakorea kidogo kuliko Wamarekani. Hiyo inatosha kuwa sababu ya kutochukua kipimo cha Marekani na kukivika Tandale au Kisumu bila kukijaribu kwanza.

Madai matatu yanayozunguka sana

"Shukrani hubadilisha ubongo." Chanzo chake kikuu ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana uliochapishwa mwaka 2016. Watu 43 waliokuwa wakipata ushauri nasaha walishiriki, baadhi wakaandika barua za shukrani, na miezi mitatu baadaye picha za ubongo wao, wakifanya zoezi la kutoa fedha, zilionyesha tofauti katika eneo la mbele. Watu 43 ni wachache mno kujenga juu yao, na wote walikuwa na mshauri. Utumie kama dokezo.

"Siku 21 hujenga tabia." Namba hii ilienea kutokana na maandishi ya mwaka 1960 ya Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura, aliyeona wagonjwa wake wakihitaji si chini ya takriban siku 21 kuizoea sura mpya. Phillippa Lally na wenzake walipopima ujenzi wa tabia kwa watu 96, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wastani ulikuwa siku 66, kukiwa na watu wa siku 18 na makadirio ya hadi siku 254. Ukimaliza changamoto ya siku 21 na bado unajilazimisha kuandika, hujashindwa chochote.

"Shukrani hupunguza homoni ya msongo kwa asilimia 23." Asilimia hiyo ilitoka kwenye utafiti wa mwaka 1998 ambamo watu wachache walifundishwa kwa mwezi mmoja programu yenye mbinu kadhaa za kutawala hisia. Waliouandika walikuwa watu wa taasisi iliyoiunda programu hiyo. Shukrani haikupimwa peke yake.

Jaribio la nyumbani la wiki 12

Baada ya karatasi, jipime mwenyewe. Unahitaji daftari dogo la shule, kalamu, na dakika 15 za utulivu siku moja kwa wiki. Kipimo tunachopendekeza ni kile chenye maswali matano kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1998, kwa sababu ni kifupi na kimetumika nchi nyingi. Maudhui yake ni haya. Kwa wiki mbili zilizopita:

1. Nimekuwa mchangamfu na mwenye moyo mkunjufu.
2. Nimekuwa mtulivu, sina papara.
3. Nimekuwa na nguvu na ari ya kufanya mambo.
4. Nimeamka nikiwa nimepumzika vizuri.
5. Siku zangu zimejaa mambo yanayonivutia.

Kila moja ipe alama kuanzia 0 (hakuna wakati wowote) hadi 5 (wakati wote). Jumlisha, kisha zidisha kwa 4, upate alama kati ya 0 na 100. Badiliko la alama 10 au zaidi ndilo huhesabiwa kuwa na maana. Alama zikiwa 50 au chini, usiendelee na jaribio kwanza: nenda kituo cha afya ueleze hali yako, uulize huduma ya afya ya akili. Hospitali ya wilaya ni mahali pazuri pa kuanzia. Kama kuna mawazo ya kujidhuru, mweleze mtu leo na uende leo.

Wiki ya 1 hadi ya 4 ishi kama kawaida. Jaza maswali mwisho wa wiki ya 2 na mwisho wa wiki ya 4. Kisha rusha sarafu: upande mmoja unaanza na daftari la shukrani, upande wa pili unaanza na daftari la kawaida. Zoezi la kwanza linachukua wiki ya 5 hadi ya 8, la pili wiki ya 9 hadi ya 12, na kila baada ya wiki mbili unajaza maswali. Mwishoni utakuwa na alama sita, mbili kwa kila kipindi. Tafuta wastani wa kila jozi.

Wastani wa jozi una sababu ya kimaisha. Kwa aliyeajiriwa, kipimo kimoja katika kila jozi kitaangukia karibu na mshahara na kingine karibu na tarehe za katikati ambapo mfuko umekauka. Ukilinganisha wiki ya mshahara na wiki ya tarehe 20, utakuwa umepima mshahara. Kwa sababu hiyohiyo usilianzishe jaribio ambalo kipindi chake kimoja kitaangukia Ramadhani, mitihani, mavuno au ada za Januari na kingine kikaangukia miezi ya kawaida.

Daftari la kawaida ndilo mizani yako. Unakaa siku ileile, dakika 15 zilezile, unaandika hadi matukio matano ya wiki bila kuchagua mazuri wala mabaya: nilibadilisha mtungi wa gesi, nilikwenda kliniki, shemeji alikuja. Bila hili, huwezi kujua kama kilichokusaidia ni shukrani au ni kule kukaa kimya na kalamu kwa robo saa, jambo ambalo wengi hawalipati kabisa.

Daftari la shukrani liandikwe mara moja kwa wiki. Mafundisho mengi yanasema kila siku, mambo kumi. Sonja Lyubomirsky na wenzake walijaribu kwa wiki sita: waliohesabu neema zao mara moja kwa wiki waliongezeka furaha, waliofanya hivyo mara tatu kwa wiki hawakuongezeka. Maelezo ya kueleweka ni mazoea. Kitu ukikisema kila asubuhi kinageuka kuwa maneno ya mdomo. Mambo matatu yanatosha, matano ndiyo mwisho.

Namna ya kuandika ndiyo inayoamua kama zoezi litafanya kazi. Angalia ingizo hili:

"Nashukuru kwa uhai, afya, familia na kazi."

Hakuna ubaya ndani yake, ila wiki ijayo utaliandika tena neno kwa neno, na wiki ya tatu mkono utaliandika huku kichwa kikiwaza kodi ya nyumba. Linganisha na hili:

"Jumanne mvua ilinikuta kituoni. Mama anayeuza mihogo pale kwenye kona alinisogezea mwavuli wake mpaka daladala ikaja. Bega lake la kushoto lilikuwa linalowa na hakusema kitu. Sikuwa nimenunua kwake hata siku moja."

La pili lina siku, lina mtu, lina alichopoteza yeye ili wewe upate, na lina sababu kwa nini hakulazimika. Vitu hivyo vinne viweke katika kila ingizo. Kama huna mtu wiki hiyo, tukio linafaa, ila liwe na mahali na saa. Ukishindwa kupata mambo matatu ya namna hii, andika moja tu kwa sentensi tano.

Wiki ikikauka, tumia mbinu ya kuondoa. Mwaka 2008 Minkyung Koo na wenzake waligundua kwamba watu walioandika jinsi jambo jema maishani mwao lingeweza kutotokea kabisa walipata hisia bora kuliko walioandika jinsi lilivyotokea. Chagua jambo moja, kwa mfano ulivyompata fundi aliyekufundisha kazi, kisha andika kwa dakika 15 milango yote iliyoweza kufungwa: kama usingepanda gari lile, kama jirani asingekutaja, kama siku ile angekuwa msibani. Usiishie kwenye huzuni. Mstari wa mwisho useme kilichotokea kweli.

Makosa yanayoharibu jaribio ni machache na yanajirudia. Kuandika kujilinganisha na walio chini yako, "nashukuru mimi si kama fulani", hukuachia kiburi au hofu ya kushuka kuliko shukrani, na kesho ukimwona aliye juu yako mizani inageuka. Kuonyesha daftari mtandaoni kunakufanya uwaandikie watazamaji. Kujaza maswali baada ya ugomvi au baada ya harusi kunapotosha alama, kwa hiyo chagua saa moja isiyobadilika, na ukiikosa jaza kesho yake saa ileile.

Barua, sehemu yenye uzito zaidi

Kama una muda wa jambo moja tu, acha daftari na uandike barua. Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake walilinganisha mazoezi matano na zoezi bandia kupitia intaneti. Washiriki wa zoezi la barua walipewa wiki moja kumwandikia mtu aliyewatendea wema ambaye hawakuwahi kumshukuru ipasavyo, kisha kumpelekea wenyewe. Hilo ndilo lililopandisha furaha kwa nguvu zaidi mwanzoni, na faida yake ilidumu mwezi mmoja. Kuandika mambo matatu mema ya siku na sababu zake kulianza polepole, lakini faida ilionekana hadi miezi sita. Kwa hiyo barua ni ya nguvu na ya muda. Irudie kwa watu tofauti, miezi ikipita.

Ukurasa mmoja unatosha. Anza na salamu inayostahili, taja tendo, taja lilivyokufaa, sema uko wapi leo kwa sababu yake. Kwa mwalimu wa zamani inaweza kuwa hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Sina shida yoyote, nimeandika kushukuru tu. Nikiwa kidato cha pili nilirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Wewe ulikuja mpaka kwetu jioni, ukakaa kwenye gogo na marehemu baba, na kesho yake nikarudi darasani. Sikujua wakati ule kwamba ulikuwa umenidhamini kwa mkuu wa shule. Nimeambiwa na mdogo wangu mwaka huu. Sasa ninafundisha, na mtoto akirudishwa ada huwa naenda kwao."

Sentensi ile ya pili usiiache. Kwetu, mtu akianza na sifa ndefu, anayesikiliza anasubiri ombi la mkopo, na hatakuamini mpaka amalize kusubiri. Vilevile usiombe chochote siku hiyo, wala wiki zinazofuata. Ukienda mwenyewe, beba zawadi ya kawaida ya mgeni, kilo ya sukari au doti ya khanga, uitoe mlangoni pamoja na salamu ili isionekane kuwa malipo ya wema wake. Barua isome baadaye, mkishakaa. Aliye mbali mtumie ujumbe wa sauti wa dakika mbili au tatu, ukisoma ulichoandika.

Aibu itakuzuia, na aibu hiyo imepimwa. Mwaka 2018 Amit Kumar na Nicholas Epley waliwauliza waandishi wa barua za shukrani wakisie mpokeaji atajisikiaje, kisha wakawauliza wapokeaji wenyewe. Waandishi walidhani wapokeaji wangeona haya kuliko walivyoona, na walikisia furaha yao chini ya ilivyokuwa. Wasiwasi wao mkubwa ulikuwa kama maneno yamepangika. Wapokeaji waliguswa na moyo wa barua. Kama mhusika amefariki, barua bado inafaa kuandikwa, na unaweza kuwasomea watoto wake.

Mahali ambapo shukrani inakugharimu

Sehemu hii mafundisho mengi huiruka, na ndiyo yenye hasara kubwa kwa wanaoyafuata.

Kazini, "shukuru una kazi" hutumika kumnyamazisha mtu anayedai haki yake. Mshahara umechelewa miezi miwili, na anayelalamika anaambiwa hana moyo wa shukrani. Kwa Tanzania Bara kusubiri kuna gharama ya kisheria: mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, na migogoro mingine ya kazi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Ukichelewa, itabidi kwanza uombe kuruhusiwa kuleta shauri nje ya muda na ueleze sababu. Andika tarehe ya mwisho kwenye daftari hilohilo la shukrani. Unaweza kumshukuru mwajiri kwa alilokutendea na ukamdai alichokunyima, kwa pumzi moja.

Kwenye familia jihadhari na masimango. Ndugu aliyekusomesha akikukumbusha kila kikao, unachohisi huenda ni deni, na deni halina faida ya shukrani. Mwaka 2006 Philip Watkins na wenzake walionyesha kwamba mtoaji anapotarajia zaidi kulipwa, hisia ya deni kwa mpokeaji hupanda na shukrani hushuka. Usijilazimishe kumwandikia barua mtu wa namna hiyo ili ujisikie mwema. Mlipe kinacholipika, mheshimu, na barua mwandikie mwingine. Na kama wewe ndiye mtoaji, ukishatoa nyamaza.

Kwenye nyumba yenye kipigo, zoezi la shukrani lisifanywe kabisa kuhusu anayepiga. Kutafuta mazuri yake kila wiki kunarefusha kukaa. Vituo vingi vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto; anzia hapo, au kwa mtu mmoja unayemwamini ambaye si wa upande wake. Na kwenye msiba, usimpe mfiwa zoezi lolote la kushukuru. Pole, mkono, na kuosha vyombo vinatosha kwa arobaini nzima.

Kusoma matokeo

Rudi kwenye wastani wako mitatu. Linganisha shukrani na daftari la kawaida kwanza. Kuilinganisha na wiki nne za mwanzo kuje baadaye. Shukrani ikiwa juu ya daftari la kawaida kwa alama 10 au zaidi, zoezi linakufaa: endelea mara moja kwa wiki. Yote mawili yakiwa juu ya wiki za mwanzo lakini sawa kwa sawa, kilichokusaidia ni kukaa na kalamu, na una uhuru wa kuandika lolote. Tofauti ya alama tatu au nne ihesabu kuwa hakuna, hata kama moyo unataka iwepo. Shukrani ikikushusha, hasa kwa kukuachia hisia ya kwamba huna haki ya kuchoka, acha bila kujilaumu, na utumie robo saa hiyo kutenda wema mdogo kwa mtu, zoezi ambalo liliwasaidia Wamarekani na Wakorea vilevile.

Ukialikwa semina ya kulipia, peleka karatasi ile ya kwanza yenye vitenzi vilivyopigiwa mstari. Muulize mwandaaji faida anayoitaja ililinganishwa na nini, ilidumu muda gani, na nani anarudisha kiingilio ahadi isipotimia. Mwalimu anayelijua somo lake atajibu mawili ya kwanza bila kukasirika. Akijibu kwa kukuambia kwamba maswali yako yenyewe ndiyo ukosefu wa shukrani unaokuzuia kufanikiwa, weka fedha yako mfukoni. Jaribio la wiki 12 ulilofanya nyumbani limekupa kipimo chako mwenyewe, na unaweza kulirudia mwakani katika miezi ileile kwa bei ya daftari moja.